Nilivyofukuzwa kwa ubani na marashi Maskati, nikadhani nyumba nzima inaongoka

Wakuu, salaam kwenu nyote. Walionizidi umri nawapa shikamoo, ingawa nikiangalia vizuri hapa jukwaani sidhani kama mpo.

Mimi ni nesi mstaafu, mwanamke, mzaliwa wa Masasi. Juzi kwenye uzi mwingine kijana mmoja aliuliza kama kuna Mtanzania aliyewahi kwenda Uarabuni kama mmisionari zile zama. Watu wakamcheka, wakamwambia amechanganya na hadithi. Nikaona niandike.

Nitakayoyasema niliyaona kwa macho yangu. Pale nilipohadithiwa, nitasema nilihadithiwa. Anayetaka chumvi atafute uzi mwingine.

Mwaka 1966 nilikuwa msichana nimetoka kumaliza mafunzo ya unesi. Sijaolewa, na dini inanichemka kifuani kama maji ya ugali.

Sasa naomba mshike jambo moja. Kanisa letu kule Masasi lilikuwa la ubani, kengele na maandamano. Chetezo, kile chombo cha kufukizia ubani, kikiingia, ujue ibada imeanza. Padri akinyunyiza maji, unainamisha kichwa. Nimekulia humo tangu nabebwa mgongoni.

Misheni moja ya Wazungu iliyokuwa na hospitali ndogo Maskati iliomba nesi anayejua Kiswahili. Sababu ni hii. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, familia nyingi zenye asili ya Oman zilihamia huko, na kina mama wengi na wazee hawakuwa na lugha nyingine zaidi ya Kiswahili. Daktari anauliza kwa Kiarabu, mgonjwa anajibu kwa Kiswahili, dawa inatolewa kwa kubahatisha.

Nikachaguliwa mimi.

Siku ya kuondoka akina mama wa parokia waliniimbia mpaka stendi. Mmoja wao, mama mnene mwenye sauti ya besi, alinishika mkono akaniambia nisithubutu kurudi bila Mwarabu hata mmoja. Alisema kama mtu anayeagiza kitenge.

Nikafika Maskati.

Wakuu, msifikirie Maskati ya picha mnazotumiwa na dada zenu walioko kazini kule. Al Khuwair ninayosikia leo ina wizara na maghorofa, wakati ule hakuna aliyenitajia hata jina. Mji wenyewe ulikuwa mdogo, umebanwa kati ya milima ya mawe na bahari, una ukuta na malango. Malango yanafungwa jioni, na baada ya hapo huruhusiwi kutembea bila taa ya mafuta mkononi. Tochi hairuhusiwi. Lazima taa ya mafuta, uso wako uonekane.

Joto sitalieleza. Nilibeba mishumaa ya sala kutoka nyumbani, nikaikuta imejikunja sandukuni kama minyoo.

Mkuu wa manesi alikuwa Sista Hilda, sista wa cheo cha unesi si mtawa, Mzungu mrefu, mkavu, aliyekaa Maskati miaka mingi kiasi kwamba alipiga chafya kwa Kiarabu. Kanisa la kwao ni benchi, Biblia na ukimya. Siku ya kwanza tu aliniambia anajua nilikotoka, na kwamba hapa mambo ya kufukiza ubani hatuna. Nikasema ndiyo Sista. Kuanzia siku hiyo neno ubani sikulitamka mbele yake tena.

Kumbukeni hilo, kwa sababu ndilo lililoniponza.

Zaidi ya kutafsiri wodini, kazi yangu maalumu ilikuwa mgonjwa mmoja wa nyumbani. Aliitwa Bi Zuwena, bibi wa Kizanzibari wa miaka kama sitini na kitu, mwenye sukari na kidonda kibaya kwenye kisigino. Alilazwa hospitalini akakaa kutwa moja, akaondoka. Alisema hawezi kulala mahali ambapo jirani yake wa kitanda ana mbuzi. Na kweli jirani alikuwa na mbuzi. Watu walitoka mbali kuja kutibiwa, wakaja na chakula chao kikitembea.

Daktari alisema wazi: kidonda kikisafishwa kila siku kwa uangalifu, mguu una nafasi. Kikiachwa, utakatwa, na kwa hali yake ya sukari huenda asiamke baada ya kukatwa.

Kwa hiyo kila alasiri nikawa natoka hospitali, ambayo ilikuwa nje ya ukuta, naingia mjini kupitia lango kubwa, naenda kwa Bi Zuwena na mkoba wangu. Ndani ya mkoba kulikuwa na bandeji, kibano, dawa, na Injili ya Luka kwa Kiswahili.

Nyumbani waliishi watatu. Bi Zuwena mwenyewe. Mwanawe Nassor, karani forodhani, mtu wa kanzu nyeupe isiyo na hata kikunjo. Na Raya, mke wa Nassor, kimya, mwenye macho yanayocheka kabla ya mdomo.

Bi Zuwena alinipenda papo hapo, kwa sababu majirani walikuwa wakimcheka Kiarabu chake, na mimi nilikuwa mtu wa kwanza kwa muda mrefu ambaye yeye aliweza kumcheka.

"Mwanangu, Kiswahili chako kikavu," aliniambia. "Kitie tui kidogo."

Nikasafisha kidonda. Nikafunga. Raya akaleta tende, halua na kahawa chungu kwenye vikombe vidogo. Tukazungumza. Halafu Raya akaingia ameshika chetezo, makaa mekundu, ubani na udi unafuka, akaninyooshea.

Nikasimama wima.

Wakuu, hebu fikirieni. Nimefika majuzi tu, na hawa watu, bila kuombwa, wananiletea chetezo! Nikakiinamia. Raya akarudi nyuma hatua moja. Nikafungua mkoba, nikatoa Luka, nikasoma sura nzima, polepole, nikiweka kituo kila panapostahili.

Walikaa kimya kabisa. Nilipomaliza walisema ahsante kwa pamoja. Nikaona machozi kwenye macho ya Raya.

Sasa hivi najua ni moshi.

Kesho yake chetezo kililetwa mapema zaidi. Nikasoma sura mbili. Kesho kutwa kilikuja pamoja na kahawa. Baadaye kikawa kinakuja kabla ya kahawa. Mwishowe kahawa haikuja kabisa, kikaja chetezo peke yake, kimejazwa makaa mpaka kinatisha. Nikajiambia, jamani, nyumba hii imeanza kufunga.

Kwenye kikao chetu cha wiki, kila mtu alitoa taarifa ya kazi yake. Wenzangu walisema wamechanja watoto, wameng'oa meno. Mimi nikasimama nikasema kuna nyumba moja mjini ambayo kila siku inaandaa chumba kwa ajili ya ibada yenyewe, bila kuambiwa.

Sista Hilda akainua kichwa. Akauliza wanaandaaje.

Nikakumbuka katazo lake. Nikasema wanaandaa kwa heshima sana.

Akaandika kitu. Nikakaa chini nimevimba.

Kwa kuwa usomaji uliongezeka, nikawa nachelewa. Lango linakaribia kufungwa mimi bado niko na mwana mpotevu. Nassor akalazimika kunisindikiza na taa ya mafuta mpaka langoni, kisha arudi. Mlinzi wa lango, mzee mwenye ndevu nyekundu za hina na bunduki ndefu kuliko yeye, alikuwa akimwambia Nassor maneno ya Kiarabu huku akininyooshea kidole. Nilimuuliza Nassor mzee anasema nini. Akajibu kuwa ananitakia safari njema.

Tukafika siku yenyewe.

Siku hiyo Raya aliingia na chetezo mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ameshika mrashi, kile kichupa cha fedha chenye shingo ndefu cha kunyunyizia marashi ya waridi. Akanifukiza. Halafu akaninyunyizia, kichwani, mabegani, viganjani. Alininyunyizia sana. Nadhani alikuwa na matumaini.

Mimi nikaona maji yanarushwa. Ubani, na maji! Kwetu hii ni Jumapili kubwa!

Nikafikiri, hawa watu wamefika mlangoni, wamebakiza mtu wa kuwavuta mkono tu. Na mtu huyo ni mimi.

Nikamnyang'anya Raya ule mrashi, kwa upole lakini nikamnyang'anya. Nikamnyunyizia yeye. Nikamnyunyizia Bi Zuwena kitandani, aliyefumba macho kama mtu anayenyolewa. Nikasema maneno ya kanisani kwa sauti ya Padri. Nikageukia mlango, na hapo hapo Nassor akawa anaingia ametoka forodhani, kanzu yake imenyooka. Nikampata usoni.



Marashi yalikuwa yanadondoka kwenye ndevu za Nassor. Alitoa leso, akajipangusa taratibu, akaikunja leso, akairudisha mfukoni. Kisha akaniambia kwa sauti laini kabisa, "Dada, umetutumikia vya kutosha. Sasa upumzike."

Nikaenda zangu nikiimba njia nzima.

Alasiri iliyofuata nikabisha hodi. Raya akasema kupitia tundu la mlango kwamba mama amelala. Nikarudi. Siku nyingine tena, mama amelala. Ile ya tatu nikaambiwa vilevile, na wakati naambiwa, nikamsikia huyo huyo mama aliyelala, yuko juu dirishani akigombana na muuza samaki kuhusu ukubwa wa jodari.

Hapo kichwa changu kikaanza kufanya kazi. Kidonda kina siku ya tatu hakijafunguliwa.

Nikaenda kwa Sista Hilda, nikamweleza yote. Yote, pamoja na ubani, kwa sababu sasa nilikuwa naogopa mguu kuliko nilivyomwogopa yeye. Nikaeleza chetezo kilivyokuja mapema siku hadi siku. Nikaeleza mrashi. Nikaeleza ndevu za Nassor.

Sista Hilda hakuwahi kucheka mbele yetu. Alianza kwa kushika ukingo wa meza. Halafu akakaa. Halafu akavua miwani akaiweka, akafunika uso kwa mikono miwili, mabega yakawa yanaruka. Nesi mmoja akaja mbio akidhani kuna msiba.

Alipopata pumzi akanieleza. Katika nyumba za watu hawa, mgeni hupewa chakula, hupewa kahawa, na mwisho kabisa hufukizwa udi na kunyunyiziwa marashi ili atoke ananukia vizuri. Hiyo ndiyo njia ya heshima ya kumwambia mgeni kwamba tumefurahi, sasa nenda kwako. Ukishafukizwa, unaaga.

Mimi nilikuwa nimefukuzwa kila siku, tena kwa udi wa bei mbaya, na kila nikifukuzwa nafungua sura nyingine.

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini Sista Hilda alikuwa ameshaacha kucheka. Akasema amesikia kwamba Nassor amemwita mtu wa kuchoma, yaani mtaalamu wa kutibu kwa chuma cha moto. Watu wengi kule walitibiwa hivyo kwa maumivu mbalimbali, na wengine walimsifu. Ila kisigino cha mwenye sukari, kisicho na hisia vizuri, ukikiwekea chuma cha moto, umemaliza.

Nikamuuliza nifanye nini. Nikamwambia nimeapa mbele ya kanisa kupeleka Neno, na nikirudi pale hawataniruhusu kusoma.

Akasema, "Mguu hauna muda wa kukusubiri ufikirie."

Nikaenda. Mkoba una bandeji tu.

Raya alifungua mlango kidogo. Kwa mara ya kwanza sikuhubiri. Nikamwambia tu ukweli: kwetu kanisani ubani ukiingia ndiyo watu wanaanza, hakuna anayeondoka. Na maji yakirushwa, ni baraka. Sikujua kwamba mlikuwa mnaniaga.

Raya akaziba mdomo na shela.  Halafu kutoka ndani ikasikika sauti ya Bi Zuwena, inacheka mpaka inakohoa.

"Raya, mwache apite. Kumbe mtoto hakuwa jeuri, alikuwa hajui."

Nikaingia. Nassor alikuwepo, amekaa karibu na mlango, mbali kidogo na mimi, na naweza kuelewa kwa nini. Bi Zuwena akamwambia mwanawe amtumie mtu wa kuchoma ujumbe asije. Nassor akataka kubisha. Mama yake akamtazama, akaacha.

Kisha akanigeukia mimi. Alikuwa hacheki tena.

"Hicho kitabu chako kibaki kwenu. Mikono njoo nayo."

Nikasema sawa, Bi Zuwena. Ilinichoma, sitaficha. Nilijiona kama askari aliyevuliwa bunduki.

Nilipofungua kidonda nikakuta kimerudi nyuma vibaya. Nilikaa nacho muda mrefu siku hiyo, na Raya akanishikia taa.

Basi ikaanza miezi ambayo hakuna cha kuripoti kikaoni. Naenda, napiga magoti kwenye mkeka, naweka beseni, naosha mguu, nasafisha, nafunga. Raya analeta kahawa. Kikija chetezo, najifukiza mtandio wangu, naaga, natoka. Mlinzi wa lango akaanza kuniitikia salamu.

Hapa ndipo pana jambo lenyewe, wakuu.

Wakati nilipokuwa na kitabu, kidonda nilikuwa nakifunga haraka haraka. Mawazo yangu yote yalikuwa kwenye sura ya kusoma. Sasa kitabu hakipo, nimebaki na mguu tu. Nikaanza kuuona. Nikaona kwamba Bi Zuwena anakunja vidole kabla sijamgusa. Nikaona upande mmoja wa kidonda unaanza kuwa wa pinki kama ulimi wa mtoto. Nikajua maji anayoyapenda ni ya uvuguvugu wa namna gani.

Na nikamuuliza swali ambalo kwa sura zote nilizosoma sikuwahi kuliuliza. Kidonda kilianzaje?

Akaniambia siku waliyoondoka Unguja alitoka nyumbani bila viatu. Njiani mtu akampa viatu vyake. Vilikuwa vidogo. Alivivaa mpaka Maskati kwa sababu aliona haya kumwambia yule mtu kwamba vinambana, maana alikuwa amevitoa kwa moyo.

Hilo tu. Akaendelea na habari nyingine, jinsi mapishi ya Raya yalivyokosa iliki.

Nilisoma mara nyingi habari za Bwana kuosha miguu ya wanafunzi. Nimewahubiria hata watoto wa shule ya Jumapili. Lakini nilikuwa sijawahi kushika mguu wa mtu nikajua umetoka wapi. Siku hiyo niliosha taratibu zaidi, na ile hamu ya kutaka kuhesabiwa nimefanya kitu ikanitoka, sijui ilikwenda wapi.

Niliendelea kumwombea, lakini kimya kimya, midomo ikitikisika huku nafunga bandeji. Siku moja alinikamata. Akauliza nasema nini. Nikamwambia nahesabu mizunguko ya bandeji. Akasema, "Haya, hesabu."

Kipupwe kikapita. Daktari akamwona, akakibonyeza kisigino kila upande, akasema mguu unabaki.

Wiki ile Bi Zuwena alikuja hospitalini mwenyewe. Kwa miguu. Kutoka ndani ya ukuta, kupita lango, mpaka kwetu, Raya nyuma yake amebeba sinia la halua, na Nassor nyuma ya Raya anamwambia mama polepole. Hakuja kutibiwa. Alikuja kutembea mbele yetu. Alizunguka ua mara moja, halafu akakaa benchi la wagonjwa kando yangu, akanyoosha miguu yote miwili mbele yake akaitazama.

"Nna neno," akasema. "Toka siku ile uliponirowesha marashi, kila nikisali nnakuombea uwe Muislamu."

Nikashtuka. Nikaona na mimi niseme langu. Nikamwambia, Bi Zuwena, mimi nami nimekuombea kila siku uwe Mkristo.

"N'najua. Ati mizunguko ya bandeji." Akacheka. "Sasa mimi hivi nilivyo, na wewe hivyo ulivyo. Mwenyezi Mungu kayaacha yote mawili, kaushika mguu."

 Tukala halua.

Niliondoka Maskati mwaka 1969. Taarifa yangu ya mwisho kikaoni ilikuwa fupi kuliko zote: mgonjwa mmoja, kisigino kimoja, kimepona. Sista Hilda aliiandika bila kuuliza swali.

Nilichojifunza ni hiki. Nilikwenda kuwapa watu nilichokuwa nacho, nikakuta wanahitaji nilichokuwa nakidharau, mikono. Kumtumikia mtu ni kukaa kwa kiasi anachokuhitaji, na kujua saa ya kuaga. Mungu wangu nilimfahamu zaidi pale nilipokatazwa kumtaja. Hilo sijaweza kumweleza mchungaji yeyote akanielewa, labda nyie mtanielewa.

Kuna atakayeuliza, kwa hiyo hukumbadilisha hata mtu mmoja? Hapana. Mimi mpaka leo naenda kanisani, na Bi Zuwena alifariki Muislamu, miaka mingi baadaye. Hili sikuliona, nilihadithiwa na Raya kwa simu. Alisema mama alizikwa na miguu yake yote miwili.

Uwanja wenu, wakuu. Aliyewahi kutumwa kwa watu, dini yoyote, akarudi yeye ndiye aliyefundishwa, aweke kisa chake hapa chini. Na kama yupo wa Maskati anayesoma, aniambie lile lango bado linafungwa au siku hizi mnatembea tu.